Hatua Zilizopitiliza Adhana

Inspekta Wanu alivua viatu mlangoni, akavisogeza kwa kidole cha mguu vikae pamoja na vile vya wanawake wenzake waliomtangulia. Nyumba ilikuwa ya ghorofa, ya zamani, katikati ya vichochoro vya Malindi, mjini Unguja, na tangu asubuhi haikupungua watu. Wanaume walijaa barazani nje, wanawake ndani. Yusra, msichana wa miaka kumi na sita, hakuonekana tangu jana usiku.

Sajini Hamid alimwahi Wanu pale pale ukumbini, kabla hajapiga hodi ya pili.

"Afande, umejisumbua tu. Kazi imekwisha," alisema kwa sauti ya chini. "Kijana tunaye. Anaitwa Matar, anachoma mishikaki Forodhani. Jana umeme ulipokatika baada ya Isha, kaonekana na tochi kwenye uchochoro huu huu. Na mtoto katoka wakati huo huo, gizani."

"Matar mwenyewe anasemaje?"

"Ati kaja kwa shangazi yake kuchukua mkaa. Mkaa, Afande! Kila siku huwajui wanavyokuja na maneno?"

"Na shangazi anasemaje?"

"Anasema kweli kampa mkaa. Lakini shangazi ni shangazi."

Wanu akatazama ngazi. Zilikuwa za mbao, nyembamba, zimesimama wima kama za mnazi. "Kwamba mtoto katoka baada ya Isha, nani kasema?"

"Mama mtu."

"Wewe umezungumza naye?"

Hamid akakohoa. "Yumo eda, Afande. Mumewe kafariki hata miezi miwili haijesha. Mie mwanamume baki, ntaingiaje? Nimemtuma ami yake mtoto, Mzee Mbarouk. Kauliza nyuma ya pazia, karudi na jibu. Yusra alikuwa chumbani kwake juu mpaka baada ya Isha, mama yake akimsikia."

"Akimsikia nini?"

"Akimsikia tu, Afande."

"Akizungumza? Akikohoa? Akisoma?"

Hamid akageuza uso mlangoni. Nje mtu alikuwa akitoa amri nani aende bandarini na nani aende Darajani, na sauti yake ilipenya mpaka ukumbini.

"Yule nani?"

"Mwalimu Wakil, anamfundisha mtoto kompyuta. Mtu mwema sana. Tangu alfajiri yuko hapa, kachapisha picha za mtoto kwa mkono wake, anazigawa."

Wanu akapiga hodi, akainua pazia, akaingia kwa mjane.

Bi Khairat alikuwa kakaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, nguo nyeupe isiyo na ua wala nakshi. Macho yalikuwa makavu. Wanawake waliomzunguka walianza kusogea kumpisha mgeni, na Wanu akawaomba kwa upole watoke kidogo.

"Assalaam alaikum, Bi Khairat. Poleni na msiba, na pole na hili."

"Waalaikum salaam. Nshapoa, mwanangu. Mmempata?"

"Bado. Nimekuja kukusikiliza mwenyewe. Nataka uniambie jana ulisikia nini, na usiniruke hata dogo."

"Nimeshamwambia Mbarouk."

"Mimi niambie kama hukumwambia mtu."

Bi Khairat alikunja ncha ya mtandio. "Mwanangu katunga gemu. Mie sijui mambo hayo, nimesoma mpaka darasa la saba tu. Lakini kanionyesha. Mwanamke kavaa buibui anapita vichochoroni, anatafuta kwao. Akitembea analia ko, ko, ko. Ile sauti ni ya mtalawanda, kiatu cha mti cha bibi yake, Yusra kauchukua, kaugonga sakafuni hapa, kaurikodi. Basi akicheza juu, mie nasikia huku chini. Najua mwanangu yupo."

"Na jana?"

"Jana tuligombana adhuhuri. Kuna mashindano ya hizo gemu, Dar es Salaam. Anataka kwenda. Nkamwambia mimi nimo eda, siwezi kukupeleka, na peke yako huendi. Kanijibu vibaya. Nkamnyang'anya simu." Alivuta mto uliokuwa nyuma yake, akaitoa simu chini yake. "Hii hapa. Sikumwambia mtu, hata Mbarouk. Aibu, mtoto kukujibu vile na baba yake kaburi bado halijakauka. Nkasema sasa nshafunga mlango, hana wa kuzungumza naye. Kapanda juu, na hatua zikaanza."

"Zilikuwa vipi?"

"Mwanzo kama kawaida. Anakwenda, anasimama. Anakwenda, anageuka. Baada ya Alasiri, wageni wangu wakiwa wameanza kujaa, nikazisikia zinakwenda tu. Ko, ko, ko. Hazipumziki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka umeme ulipokatika. Hapo kukawa kimya. Nkasema labda kalala. Baadaye nkamtuma jirani na taa ampelekee chakula, maana mie goti langu halipandi ngazi ile. Karudi mbio. Hayumo."

Wanu akahesabu adhana kwa vidole. "Katikati hapo Magharibi iliadhiniwa. Yusra adhana ikilia hufanya nini?"

Mama alimtazama kama aliyeguswa jeraha. "Huacha. Tangu mdogo. Marehemu baba yake kamzoesha, adhana ikilia mikono juu, hata kama anakula. Jana hakuacha. Adhana inalia kutoka misikiti yote hii, na zile hatua zinakwenda juu yake. Nkaita, 'Yusra! Adhana hiyo!' Hakuitika. Nkasema kanuna, ananikomoa. Nkamwacha. Nkamwacha, mwanangu."

"Hili la adhana ulimwambia Mzee Mbarouk?"

"Kaniuliza, 'Ulimsikia mpaka lini?' Nkamwambia mpaka baada ya Isha. Hakuniuliza jengine."

Wanu akatoka. Hamid alikuwa anamngoja ukumbini.

"Sajini, mtoto hakusikika baada ya Isha. Iliyosikika ni mashine. Umeme ukakatika, mashine ikazima."

"Sasa, Afande, mashine itembee yenyewe?"

"Ndiyo nnayokwenda kuuliza."

Chumba cha juu kilikuwa kidogo, dirisha moja linatazama bati la jirani. Muhiddin wa kitengo cha mitandao alikuwa keshakaa mbele ya kompyuta, miwani kaisukuma juu ya paji la uso, anakula karanga za mfukoni.

"Usimwage maganda hapa," Wanu alimwambia.

"Nnatia mfukoni, Afande. Njoo uone huyu mtoto. Jamani, huyu angekuwa wangu!"

Wanu hakwenda kwenye kioo kwanza. Alizunguka meza. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma na kimekaa upande, kama mtu alivyonyanyuka kwa haraka. Kikombe cha chai nusu, kimeota utando. Kibodi ya kawaida, ya bei rahisi. Pembeni yake hapakuwa na kitu kizito, si kitabu, si jiwe, si kopo.

Hamid aliyekuwa amefuata nyuma akadakia. "Kaweka kitu juu ya kitufe, Afande! Wanangu hufanya hivyo. Kabana kitufe kwa kitu kizito, mama asikie hatua, yeye katoroka."

"Kitu hicho kiko wapi?"

"Atakuwa kakiondoa."

"Akaondoka nacho, na hatua zikaendelea? Au karudi baada ya umeme kukatika, kakichukua, kaondoka tena?"

Muhiddin alicheka mpaka karanga ikampalia. Hamid hakucheka.

"Jirani aliyeleta taa nimemuuliza hapo chini," Wanu aliendelea. "Hakugusa kitu. Muhiddin, nieleze kama unavyomweleza mkeo."

"Mke wangu hanisikilizi, Afande, lakini haya." Akavuta kiti. "Gemu haitulii. Inazunguka kama pangaboi. Kila mzunguko inauliza, kitufe gani kimebanwa? Kisha inamsogeza mtu, inachora picha, inarudi kuuliza. Umenifuata?"

"Endelea."

"Sasa, kibodi yenyewe haisemi sana. Inapeleka habari mbili tu. Kidole kimeshuka. Kidole kimenyanyuka. Basi. Yusra kaandika hivi: ikija habari ya kwanza, tia alama kwamba kitufe kimebanwa. Ikija ya pili, futa. Na ule mzunguko unatazama alama."

"Ni vizuri hivyo, au vibaya?"

"Vizuri sana. Wanaoanza wengi humsogeza mtu kila habari ya kibodi inapokuja. Ukishikilia kitufe, kompyuta hurudia-rudia habari ya kushuka kwa kasi yake yenyewe, basi mtu anagutuka-gutuka kama kaingiliwa na siafu. Huyu mtoto kalijua hilo, kalikwepa. Kasahau kitu kimoja tu."

"Kipi?"

"Habari za kibodi hupelekwa kwa dirisha lililo mbele kwenye kioo. Tuseme umebana kitufe cha kwenda kulia. Habari ya kwanza inaingia kwenye gemu, alama inatiwa. Kidole bado kiko chini, ghafla dirisha jengine linaruka mbele. Unanyanyua kidole. Habari ya pili inakwenda wapi?"

"Kwa dirisha jipya."

"Naam. Na lile dirisha jipya wala halina haja nayo. Gemu huku nyuma haina habari kwamba kidole kimeondoka. Alama ipo. Inazunguka, inauliza, inaona alama, inamtembeza mtu. Mpaka kesho, au mpaka umeme ukatike. Ulitakiwa mstari mmoja tu, dirisha likitoka mbele, futa alama zote. Hakuuandika."

"Nionyeshe."

Muhiddin alifungua gemu. Mwanamke wa buibui akatokea kwenye kichochoro, taa za vibaraza zinawaka njano. Akatega saa ya kompyuta iite baada ya muda mfupi, akampisha Wanu. Wanu akabana kitufe. Ko, ko, ko. Akaachia, mwanamke akasimama. Akabana tena, akashikilia. Dirisha la saa likaruka mbele, likaziba nusu ya kioo. Wanu akanyanyua mkono, akauweka mapajani.

Ko, ko, ko. Mwanamke alikwenda mpaka mwisho wa kichochoro, akafika ukutani, na pale pale ukutani akaendelea kutembea bila kwenda popote. Ko, ko, ko.

"Yusra!"

Sauti ilitoka chini. Ilikuwa ya mtu aliyekwishapanda vipandio viwili vitatu kwa goti lisilopanda. "Yusra! Umerudi, mama? Yusra!"

Hamid alishika kichwa. Muhiddin akainama, akafunga dirisha la saa, akabana kitufe kile kile mara moja na kuachia. Habari ya pili ilifika safari hii, na mwanamke akasimama. Wanu alikuwa keshashuka nusu ya ngazi.

"Bi Khairat. Ni mimi. Si yeye. Nisamehe, ilinipasa nikwambie kwanza."

Mama alishika ukuta. Alimtazama Wanu, akatazama juu, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Wewe ulikuwa umebana?"

"Hapana. Mkono wangu ulikuwa mapajani."

"Hapakuwa na mtu?"

"Hapakuwa na mtu. Zilikuwa kama zile za jana?"

"Hizo hizo. Hazikupumua hata mara moja." Alikaa pale pale kwenye kipandio. "Basi nlipokuwa nikimwita nlikuwa naita ukuta. Toka Alasiri mwanangu hayumo, na mie nimekaa hapa na wageni nawaambia, yuko juu, mnamsikia?"

Wanawake waliinuka kumshika. Wanu alipanda tena, hatua mbili mbili.

"Muhiddin. Dirisha gani liliruka mbele jana?"

"Nshalitafuta. Ujumbe wa kawaida huja pembeni, kidogo, haugusi kibodi. Nimejaribu, gemu inaendelea salama. Lazima kiwe kitu kinachokuja na kukaa mbele chenyewe." Alionyesha kioo. "Na mashine hii ni kavu, Afande. Ami yake kafunga kila kitu. Mitandao ya picha hamna, ya mazungumzo hamna. Kaacha programu moja tu, ile ya darasa."

"Darasa la nani?"

"La Mwalimu Wakil. Na programu yake imetengenezwa kwa nidhamu hasa. Mwanafunzi hawezi kumpigia mwenzake, wala kumpigia mwalimu. Mwalimu peke yake ndiye anayepiga. Akipiga, dirisha lake linakuja mbele ya kila kitu, upende usipende, ili mwanafunzi asijifanye hakuona."

Hamid alisema, "Lakini mwalimu yule..."

"Kumbukumbu ya simu hiyo ipo?" Wanu aliuliza.

"Inakaa kwenye mashine ya mwalimu. Huku haibaki kitu."

Wanu alisimama dirishani. Mtoto hakutoroka kwa hila. Kaitwa katikati ya mchezo, kidole bado kiko chini, kasukuma kiti kaondoka na chai haijesha. Kashuka wakati wanawake wa mabuibui wanaingia na kutoka kwa mjane, na yeye kavaa lake, nani angemhesabu? Na Matar wakati ule wa Alasiri alikuwa Forodhani anapanga meza na kuwasha makaa, mbele ya wenzake wote. Baada ya Isha ndiyo hakuwa na shahidi ila shangazi. Na kila mwenye shahidi wa baada ya Isha, shahidi huyo sasa hakumfaa kitu.

"Sajini, pigia simu vizuizi vyote vya polisi vya njia za kutoka mjini, anza na Mahonda. Waulize askari waliokuwa barabarani jana tangu Alasiri mpaka Magharibi kama waliisimamisha gari ya Mwalimu Wakil. Usimtaje mbele za watu. Ukipata jibu, njoo barazani usimame nyuma yangu."

Barazani walimpisha. Mwalimu Wakil alikuwa mtu wa makamo, kanzu imepigwa pasi, kikombe cha kahawa mkononi, rundo la picha za Yusra kwenye mapaja. Mzee Mbarouk, ami wa mtoto, alikuwa kando yake, kamwegemea kama mtu anavyoegemea nguzo.

"Inspekta, karibu," alisema mwalimu. "Vijana nimewagawa makundi. Kama utapenda tuongeze wa kwenda Bububu."

"Ahsante, Mwalimu. Nawauliza wote waliomjua, na wewe pia. Jana ulikuwa wapi?"

"Maulidini, Kiponda. Kabla ya Isha mpaka watu wanatawanyika. Nusu ya hawa tulikuwa pamoja."

Wanaume wakaitikia. Kweli. Alikuwepo. Kasoma mlango mmoja wa maulidi, na sauti yake nzuri.

"Sikuuliza Isha. Baada ya Alasiri."

Kikombe kilisimama njiani. "Alasiri? Lakini mtoto katoka baada ya Isha."

"Ndivyo ulivyoambiwa."

"Ndivyo tulivyoambiwa sote."

"Alasiri, Mwalimu."

"Darasani kwangu. Nlikuwa nikitengeneza mashine."

"Na nani?"

"Peke yangu. Jana si siku ya wanafunzi."

"Ulizungumza na Yusra jana?"

"Ntazungumza naye vipi, Inspekta?" Alitabasamu kwa huzuni, akawageukia wenzake kama anayeomba wamsaidie kumwelewesha mgeni. "Mtoto hana simu. Mama yake kamnyang'anya."

"Mzee Mbarouk," alisema Wanu, bila ya kumwondoa macho mwalimu, "Yusra kanyang'anywa simu?"

Mzee alishangaa. "Simu? Mie sina habari hiyo. Juzi hapa nimemwona nayo."

"Kanyang'anywa jana adhuhuri. Mama yake hakumwambia mtu, hata wewe. Iko chini ya mto wake mpaka sasa hivi." Akamgeukia mwalimu. "Kakwambia nani?"

Mwalimu alianza kuzipanga upya picha zilizokuwa mapajani.

"Nimesikia tu. Watu wanasema."

"Mtu gani?"

"Sikumbuki, Inspekta. Nimechoka, tangu alfajiri sijakaa..."

"Umekaa sasa. Nani?"

Hamid alitokea mlangoni, akasimama nyuma ya Wanu kama alivyoambiwa. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Afande. Mahonda wamesema waliisimamisha. Taa ya nyuma haiwaki. Nyuma kulikuwa na msichana, kavaa buibui, kabeba begi. Mwalimu kawaambia mwanafunzi wake, anampeleka Kendwa kwa mambo ya mashindano. Ilikuwa mapema, kabla ya Magharibi. Wamemwachia, maana mmoja wao mtoto wake anasoma kwake."

Mzee Mbarouk alijitoa begani kwa mwalimu taratibu. Picha zikamwagika chini, Yusra kumi, Yusra ishirini, zinatazama juu.

"Kendwa nyumba gani?" Wanu aliuliza.

Mwalimu Wakil alitazama saa yake ya mkononi, mara moja, haraka, kisha akatazama upande wa bandari. Boti ya mchana ya Dar es Salaam ilikuwa bado haijapiga honi.

"Sajini, huyu asisogee. Chukua simu yake na funguo zake. Na wenzetu wa bandarini waambie, boti ya mchana na ya jioni, kila msichana anayepanda aulizwe kaja na nani." Akainama, akavaa viatu. "Na Matar mtoeni. Mwombeni radhi, wewe mwenyewe, mbele ya shangazi yake."

Njia nzima ya kwenda Kendwa Muhiddin aliendesha bila ya mzaha. Wanu alikuwa kwenye simu na sheha wa kule, Silima, maana sheha hujua kila mpangaji wa shehia yake hata kama hampendi. Mwalimu wa kompyuta wa mjini? Naam, anamjua. Kakodi nyumba ya mawe nyuma ya mahoteli, upande wa juu. Kasema ya kupumzikia wanafunzi wake. Mtu mwema, huja na watoto wenye adabu, hatujawahi kusikia kelele.

"Wanatoka?" Wanu aliuliza.

Sheha alifikiri. "Kwa kweli, Inspekta, wakiingia huwaoni tena. Sisi tukasema wanasoma."

"Sasa nenda kasimame mlangoni kwake, wewe na mkeo. Asiingie mtu, asitoke mtu. Sisi tuko njiani, tumeshafika Kinyasini."

Walimkuta Silima kasimama kweli, kanzu imelowa jasho, na mkewe kakaa juu ya kizingiti miguu kainyoosha, hakuna wa kumruka. Wanu alipiga hodi. Mlango ulifunguliwa kwa ndani, bila ya kusitasita.

Alikuwa Yusra. Kavaa, kajifunga mtandio, begi begani. Alitazama kiunoni kwa Wanu, akaona pingu, akarudi nyuma hatua moja.

"Mwalimu yuko wapi? Kasema atatufuata kabla ya Adhuhuri. Boti itatuacha."

"Yusra binti marehemu Hamdu?"

"Naam."

"Mama yako anakutafuta tangu jana."

"Ananitafutaje na yeye karidhia?" Uso wa mtoto ulijaa hasira ya kweli. "Mwalimu kapiga kwenye kompyuta, nkamwambia simu kaninyang'anya mama, naye kaniambia kazungumza na ami, na ami kazungumza na mama. Kaniambia mama karidhia niende mashindanoni ila kwa hasira zake hataki tuagane, nishuke kimya kimya, gari iko nje. Nkashuka. Hata kompyuta sikuizima."

"Ami yako hakuzungumza na mtu. Hayo mashindano mwalimu kakwambia yanafanyika wapi hasa?"

"Dar es Salaam. Kisha washindi wanakwenda nje, kuna kazi, wanatengeneza gemu." Kila neno lilitoka pole pole kuliko la kabla yake. "Pasi kanitengenezea yeye. Nimeiona. Umri kakosea, kaandika ishirini na mbili. Nkamwambia. Akasema watarekebisha huko huko."

Yusra alikaa juu ya begi lake, kama karagosi aliyekatwa nyuzi. Muhiddin aliyasikia yote kutoka mlangoni, akavua miwani, akaipangusa na hakuivaa tena.

"Nataka kumpigia mama," alisema Yusra.

Wanu alimpa simu. Wakati mtoto anajaribu kukumbuka namba, mlango wa uani ulifunguka na msichana mwengine akaingia na sinia la vikombe. Mdogo zaidi, kumi na tatu, labda kumi na nne, kanga mbili, mikono imechubuka kwa sabuni. Aliwaona wageni, akaweka sinia chini, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Jina lako nani, mwanangu?"

"Ummkulthum."

"Kwenu wapi?"

"Paje."

"Na wewe ni mwanafunzi wa mwalimu? Unatengeneza gemu?"

Msichana alicheka kidogo, kwa haya. "Sijui kompyuta, bi. Mie nnapika na kufua. Mwalimu kasema ntafundishwa tukishafika."

"Mkifika wapi?"

"Huko kwenye kazi."

"Umekuja hapa lini?"

"Tangu mfungo mosi, mwezi wa Idi, Ramadhani ilipokwisha."

Wanu alitazama uso wa Sheha Silima. Sheha alitazama chini. Katika vituo vyote vya polisi vya Unguja, tangu mfungo mosi, hakuna aliyekuja kusema mtoto wa Paje kapotea. Wanu angelijua. Kazi yake ilikuwa kujua.

"Ummkulthum, mama yako hakutafuti?"

"Hanitafuti, bi. Anajua nlipo." Alisema kwa sauti ya kumtuliza mgeni, kama anayemwambia kwamba hapana taabu yoyote hapa. "Ndiye alonleta. Kaacha kulima mwani wake siku nzima, kanileta mwenyewe mpaka mlangoni hapo, na kamwombea mwalimu dua."

Kule pembeni Yusra alikuwa keshapata namba, na sauti ya mama yake ilisikika kwenye simu, kilio kisicho na maneno. Ummkulthum alimsikiliza kidogo, mikono kaificha ndani ya kanga. Kisha akamsogelea Wanu, na akauliza kwa kunong'ona ili mwenzake asisikie:

"Mkinirejesha nyumbani, mama mtamwambia nimekosa nini?"